Mlango Uliolazwa Gare

Niliwahi kuandika hadithi ya gare ya Kolwezi, stesheni yetu ya treni, bila kukanyaga gare. Kutoka kwangu ni nusu saa kwa miguu, lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni nikienda mara mbili kwa wiki najiona msafiri. Nilifunga dirisha nisisikie kelele za barabarani, kisha nikaketi kuandika kelele.

Hadithi yenyewe niliombwa. Migodi ilikuwa inasimama, na majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa, eti warudi kwao. Wazazi wangu ni wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huu huu, kwa hiyo hakuna aliyekuja kunigongea. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, alizaliwa Kolwezi kama mimi na Kasai hakuijua. Kabla ya kwenda kungojea treni alipita kwangu.

“Tata, weye njo mwenye kuandika hapa kwetu. Andika nyumba yangu. Batoto bangu batasahau.”

Nikampelekea kurasa saba kwa mkono wa muuza makaa. Katika kurasa hizo mama yule alifunga mlango, akabusu ufunguo, akalia gare mpaka kitenge kikalowa. Siku ile nilijipenda sana.

Baada ya juma moja muuza makaa yule yule akaniletea ujumbe wa mama: niende gare niandike upya, treni inaweza kufika wakati wowote. Nikaenda na kiti changu kichwani, maana sikujua watu kule hukaa juu ya nini.

Walikaa juu ya mlango. Hakuufunga, aliung'oa akaja nao! Ulikuwa umelazwa juu ya matofali: usiku watoto wanaulalia, mchana yeye anakatia juu yake sombe, majani ya muhogo. Ubavuni mlikuwa na mikwaruzo ya msumari, vimo vya watoto mwaka baada ya mwaka. Kitenge chake kilikuwa kimepigwa pasi, sehemu yake imefagiliwa kuliko sebule yangu, na foleni ya maji ilimtii yeye. Na kwenye mbabula, lile jiko la makaa, ukurasa wangu wa ufunguo ulikuwa unamalizikia kuungua.

“Mama, ulilia lini?” nikauliza, kalamu mkononi.

“Nilie saa ngapi? Bukari iko kwa moto,” akajibu, mwiko wa ugali mkononi.

Kiti changu akampa bibi mmoja mgonjwa bila kuniuliza. Nikakaa juu ya mlango na wanawe, nikaandika nilichokiona.

Vijana wanaoniletea daftari zao siku hizi nawaambia haya tu. Nenda uone. Tafuta kitu ambacho usingeweza kukibuni ukiwa mezani kwako. Futa machozi yote, uone kama hadithi bado inasimama. Halafu msomee kwa sauti yule uliyemwandika. Sentensi utakayotamani kuiruka mbele yake, hiyo ndiyo ya uongo.

Mimi nilimsomea mama siku ile ile. Ukurasa mmoja na nusu, na sikutamani kuruka kitu. Nilipofika kwenye vimo, watoto walianza kusukumana, kila mmoja akitafuta mkwaruzo wake kwa kidole. Mama yao aligeuza uso kidogo akakoroga bukari ambayo ilikuwa imeiva zamani.

Treni ikasikika. Alizichukua karatasi mkononi mwangu, akazisukuma ndani kabisa ya mfuko wa unga, akaufunga kwa kamba.

“Hii tutabeba,” akasema. “Ile ya kwanza ilipika sombe muzuri, tata, lakini haikukuwa mi.”