Hajiya Alikwenda Kuomba Kura

Watu wa kwao Nigeria walimwita Hajiya, nasi tukafuata. Alikuwa mwalimu mkuu wa upande wa wasichana katika skuli moja ya watoto wa kigeni hapo Riyadh, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Ilikuwa miaka ile mafuta yamepanda bei na mji mzima unachimbwa. Ukianika nguo asubuhi, adhuhuri unaikuta imegeuka rangi kwa vumbi. Mume wangu alikuwa mkalimani wa kampuni ya ujenzi. Sisi ni watu wa Unguja. Tulitoka baada ya mapinduzi nikiwa msichana, tukakaa Jeddah, na kazi ndiyo iliyotuvuta Riyadh. Tulipanga Al-Naseem, na Hajiya alikaa mtaa huohuo na mumewe, daktari, pamoja na binti yao wa pekee.

Alikuwa mrefu, mwenye sauti nene, na hakuwa na subira na mtu anayezungushazungusha maneno. Kwao kaskazini alikuwa ameshaendesha skuli ya bweni ya wasichana kabla mumewe hajapata mkataba Saudia. Alisomesha hesabu. Mzazi akimtoa mwanawe skuli, Hajiya humwambia dereva wa basi ampeleke mpaka mlangoni kwao, akaingia kwa wanawake, akanywa kahawa, akakaa. Nakumbuka nyumba moja mama alimwambia kwamba binti yake ameshaposwa.

"Ataolewa, inshallah," Hajiya akajibu. "Lakini kwanza atamaliza mtihani wangu."

Na mtoto alirudi, akamaliza.

Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu cha kuokota. Siku moja mume wangu alitusimulia jinsi meli za saruji zilivyojazana bandarini Jeddah, zinangoja zamu ya kushusha. Hajiya akacheka, lakini hakufurahi. "Kwetu vilevile," akasema. "Saruji imejaa mpaka baharini, na mtoto wa kike anasoma akiwa amekaa chini."

Kisha ikaja habari kwamba wanajeshi wa kwao wanawarudishia raia serikali. Kungekuwa na uchaguzi, na wanawake wa kaskazini wangepiga kura kwa mara ya kwanza. Binamu yake aliyekuja umra akamletea ujumbe: wenzake wanamtaka agombee kiti katika baraza la jimbo. Hajiya alinihadithia huku akipanga chaki kwenye kopo.

Shida ilikuwa moja. Alikuwa nchini kwa ikama ya mumewe, kibali chake cha ukaazi, na bila saini ya mumewe hapati ruhusa ya kutoka. Aliniomba niwepo siku atakapomwambia. Nadhani alitumaini kwamba mbele ya mgeni daktari hatapandisha sauti. Kwa kweli hakuipandisha. Alirudi kutoka msikitini baada ya alasiri, akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mume wangu, akakaa.

"Mwalimu," akaniambia, "rafiki yako amekueleza anachotaka? Anataka kupanda jukwaani wanaume wamtazame."

"Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote," Hajiya akasema.

"Mbele ya watoto."

"Na watoto wale sasa ni watu wazima. Hao ndio wanaoniita."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Unataka saini? Nitakupa. Nitakuandikia ruhusa ya kutoka moja kwa moja, bila kurudi, na siku hiyohiyo nitakuandikia talaka. Mtoto atabaki."

"Mtoto bado mdogo."

"Ndiyo maana atabaki."

Hajiya hakulia. Alinigeukia mimi, kana kwamba nina la kusema. Pa kushtaki hapakuwapo. Kafili, yaani mdhamini, wa ile familia ni hospitali iliyomwajiri daktari, na ikama ya mtoto ilikuwa chini ya baba yake. Nilikwenda jikoni nikawaacha.

Alisahihisha mitihani yote ya mwisho wa mwaka, akaondoka. Sisi ndio tuliompeleka uwanja wa ndege. Daktari alikuwa ameahidi kumleta mtoto amuage mama yake, na hakumleta. Hajiya alisimama mlangoni mpaka mume wangu akamgusa begi na kumwambia, "Dada, wanafunga." Akaingia.

Skuli zilipofunguliwa, chumba cha walimu hakikuwa na mazungumzo mengine. Kachagua siasa, kamwacha mwana. Maneno hayo niliyasikia tena harusini, nikayasikia matangani, kutoka kwa wanawake wa Kimisri, wa Kipakistani, hata wa kwetu. Sikumsikia hata mmoja akiuliza daktari amechagua nini. Yeye alioa tena kabla ya Ramadhani, na watu wakampa mkono wa pongezi.

Hajiya alishinda. Baadaye akapewa wizara ya elimu ya jimbo lake. Habari zake nilizipata kwa mahujaji: anajenga skuli za wasichana, anafika mwenyewe na magari ya serikali mpaka vijiji ambavyo havijawahi kuona mwalimu wa kike. Pia nilisikia kwamba anachukiwa. Kuta zilizojengwa ovyo alikataa kuzipokea, na wajenzi walikuwa marafiki wa wakubwa wa chama chake.

Sisi tulikuwa tumesharudi Jeddah, mkataba wa mume wangu umekwisha, tunakaa Al-Baghdadiyah juu ya duka la vitambaa. Siku moja simu ikalia. Ni yeye, amekuja umra na wakubwa wa jimbo. Alifika kwangu na afisa wa ubalozi aliyembebea mkoba na kumwita Mheshimiwa kila baada ya maneno mawili. Alikuwa amenenepa na uso umechoka. Tulipobaki wawili alivua viatu, akanyoosha miguu.

"Nimemwandikia daktari," akasema. "Amekubali. Atamleta mtoto kesho, hapa kwako."

Nilipika kama ninapikia harusi. Yule binti alipanda ngazi peke yake, baba akabaki garini. Alikuwa keshakuwa mwanamwali, mrefu kama mama yake, abaya mpya, saa ya dhahabu. Hajiya alimshika mabega, akamwambia maneno marefu kwa Kihausa. Msichana alimsikiliza kwa adabu.

"Sifahamu," akajibu kwa Kiarabu. "Nimesahau."

Hajiya akajaribu Kiarabu chake kibovu. Akamuuliza masomo, akamuuliza anapenda hesabu? Msichana akasema hesabu hazipendi. Akasema baba amemwambia huko kwenu kuna joto na umeme haukai. Nililisikia lile "kwenu", na Hajiya alilisikia pia. Honi ikalia chini.

"Halas, baba ananingoja," msichana akasema. Alimbusu mama yake mkononi, kama anavyobusiwa bibi wa jirani, akashuka. Sharubati aliiacha nusu. Hajiya aliichukua ile gilasi, akaiosha mwenyewe, akaifuta, akairudisha kabatini, na sikudiriki kumwambia aiache.

Kabla hajaondoka Jeddah, redio ikatangaza kwamba jeshi limechukua nchi yao. Aliupigia simu ubalozi, akapokea yuleyule mbeba mkoba. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Madam," akasema yule bwana, "hapa hatuna mheshimiwa yeyote."

Akakata. Hajiya alihamia kwangu na sanduku lake. Wakubwa aliokuja nao walitawanyika, huyu London, yule Cairo. Mimi nilimtafutia kazi. Kulikuwa na skuli ndogo mtaa wa Ruwais inayohitaji mwalimu wa hesabu, na mwenye skuli alikuwa tayari kumwandikia ikama. Nilimweleza kwa furaha. Hajiya akanishukuru, kisha akasema amesikia kwamba viongozi wote wa zamani wametakiwa kujisalimisha.

"Nisipokwenda, watasema zile skuli ni wizi."

"Waseme!" nikamwambia. Nilikasirika kweli, nilipiga meza. "Nani kwenye nchi ile atakulipa kwa haya?"

"Mume wangu aliniuliza hivyohivyo," akajibu.

Nilijuta kutaja malipo, lakini mpaka leo naona nilikuwa na haki. Alikwenda. Walimkamata palepale uwanja wa ndege. Wakamweka ndani muda mrefu bila kesi, na walipomsikiliza hawakupata kosa. Wakamwachia akiwa haoni vizuri jicho moja, wakamkataza siasa. Waliojenga zile kuta mbovu hawakuguswa. Mmoja wao, nikaambiwa, alipewa na serikali mpya kazi ya kuzibomoa na kuzijenga upya.

Alirudi darasani. Alisomesha hesabu katika skuli ya msingi nyuma ya soko mpaka mwili ukamshinda, akafa. Habari aliniletea hujaji mmoja mwanamke wa mji wao, aliyeitaja katikati ya mazungumzo mengine, baina ya bei ya blanketi na joto la Mina.

Nilimtafuta binti yake. Alikuwa ameolewa Riyadh, ana watoto. Namba ya simu niliipata kwa mwanafunzi wetu wa zamani. Nilimpa habari ya kifo cha mama yake. Akasema, "Allah amrehemu." Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu:

"Khala, wewe ulimjua sana?"

Nikamwambia nilimjua. Nikaanza kumhadithia habari za dereva wa basi na zile nyumba alizokuwa akienda kunywa kahawa, na nilitaka nifike mpaka siku ile ya uwanja wa ndege, aliposimama mlangoni. Nyuma yake mtoto akaanza kulia. Akaniomba radhi, akasema atanipigia. Hakupiga.