Wakwe Waliobishana Mbele ya Mji Mzima

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Kahama, ambapo karibu kila mwanamume mwenye mikono miwili amewahi kwenda kujaribu bahati machimboni, mimi nilikwenda Mwakitolyo mara moja tu. Nikachungulia ndani ya duara, lile shimo wanaloshukia kwa kamba, kisha nikauliza kama hakuna kazi ya huku juu. Jioni nilikuwa nimesharudi nyumbani nakula michembe, vile viazi vya kuanikwa, kwa karanga, na watu wa nyumbani walikuwa bado hawajajua kwamba nilikuwa nimeondoka. Tangu hapo nina kibanda mbele ya nyumba ya mama. Nachaji simu za watu na kuuza vocha. Wageni wakimuuliza mama habari za mwanawe mkubwa, anajibu kwamba yuko ofisini, kisha anaonyesha dirishani kwa kidevu.

Aliyeondoka ni mdogo wangu. Yeye yuko Kanada, katika mji mdogo wenye baridi na tambarare isiyo na mwisho, anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Mwaka jana alimpigia mama simu, akamwambia amempata binti wa huko huko na anataka kumuoa. Lakini bila baraka ya mama, akasema, hatafungua kinywa. Mama akamwambia basi akifunge kwanza.

Kwetu huoi binti peke yake, unaoa nyumba nzima. Kabla ya posa lazima watu watumwe wakaulize kwa majirani, kistaarabu, kama wapita njia: nyumba ile ikoje? Ni wavivu? Ni wachawi? Ni wagomvi? Bingwa wa kazi hiyo katika ukoo wetu ni baba mdogo. Huyu mzee anaweza kushinda Kharumwa kutwa nzima kwa kisingizio cha kumtafuta ng'ombe aliyepotea, akarudi na habari za vizazi vitatu, pamoja na jina la aliyeiba mbuzi enzi hizo. Lakini hata yeye alikubali kwamba ng'ombe wetu hawezi kupotelea Kanada.

"Wewe una simu kubwa," akaniambia. "Na Kiingereza ulifaulu."

Kidato cha nne nilipata D. Sikuona sababu ya kumvunja moyo mzee.

Basi nikaingia kazini bila kuinuka kwenye kiti, upelelezi wa aina ninayoiweza. Mdogo wangu alishanitajia ukoo wa binti, na haikunichukua muda kuupata ukurasa wa mtandaoni ambao watu wa mji ule hukutania. Nilitegemea kuona picha za harusi na matangazo ya misiba. Nilichokuta ni vita.

Wanabishana, watu wale, usiombe. Wanabishania kodi ya mafuta iliyowekwa kwa ajili ya hali ya hewa. Wanabishania bunduki, nani awe nayo na ya aina gani. Wanabishania bomba la mafuta, na hapo nilijisikia nyumbani kidogo, maana na sisi kuna bomba linapita huku kwetu, ila sisi tulibishania zaidi nani atapata kibarua. Halafu wakabishana kwa wiki mbili kuhusu njia ya baiskeli. Mmoja alisema ni upotevu wa fedha kwa sababu nusu ya mwaka njia iko chini ya theluji. Mwingine akamwita adui wa watoto. Mimi Msukuma, niliyebebwa kwenye baiskeli kabla sijajua kutembea, nilisoma komenti zote, na nilipomaliza nilirudia tena nione kama kuna mpya.

Nikanogewa. Wao wakimaliza chakula cha usiku na kuanza kutupiana maneno, huku kwetu ndiyo kunakucha, nami niko mlangoni na mswaki mdomoni. Wateja wakawa wanalalamika kwamba simu zao hazijai chaji. Ningewaambiaje kwamba nilikuwa naangalia kama diwani wa Kanada atajiuzulu?

Wazazi wa binti niliwatambua mapema. Baba ana picha amemkumbatia samaki mkubwa kama mtoto wake. Mama ana picha na mbwa wawili. Shida ni kwamba kila palipowaka moto walikuwepo wote wawili, na kila mara pande tofauti. Mume akiandika kwamba kodi ya mafuta inawaua wakulima, mke anatokea chini yake na hesabu. Mume akiisifia bunduki yake, mke anauliza mara ya mwisho aliirudisha lini kabatini. Mbele ya mji mzima.

Hayo sikuyafikisha nyumbani. Mama aliniuliza, nikamwambia ni watu wa kanisani, wanapenda wanyama na hawanywi kupita kiasi. Yote yalikuwa kweli. Lakini baba mdogo ni mpelelezi wa siku nyingi, na habari nzuri tupu humtia wasiwasi. Jumamosi moja asubuhi alikuja, akaketi barazani, akataka nisome kwa sauti chochote walichoandika siku hiyo.

Siku hiyo mji ulikuwa unabishana kuhusu wageni.

Ningeweza kusema bando limeisha. Badala yake nikafungua, nikatafsiri. Baba wa binti alikuwa ameandika kwamba nyumba hazitoshi, hospitali zimejaa, vijana waliozaliwa pale wanalala kwenye vyumba vya chini vya wazazi wao, na serikali inaendelea kuleta watu. Mlango ufungwe kwanza, alisema. Chini yake mkewe alikuwa amemuuliza kama ni mlango uleule ambao babu yake aliupita akiwa na sanduku moja, na kama wageni wakiondoka, nani atamwogesha mama yake mzee kila asubuhi.

Anayemwogesha huyo mama mzee ni mdogo wangu.

Mama alikuwa anakata viazi vya kuanika. Kisu kikasimama.

"Nyumba ya ugomvi hiyo," baba mdogo akasema. "Shemeji, tumeshamaliza kazi. Mwambie kijana atafute kwingine."

Nikajitahidi kuwatetea. Nikawaambia ni kama mashindano ya ngoma baada ya mavuno, pale pande mbili zinapotukanana kwa nyimbo ili kuvuta watazamaji, kisha jioni wanakula chungu kimoja. Mama akanijibu kwamba anazijua ngoma kuliko mimi ninayeziangalia kupitia dirishani, na hajawahi kuona mume yuko kundi hili na mke kundi lile. Ila si ugomvi wao uliomkaa rohoni.

"Huyo baba anamtaka mwanangu au hamtaki?"

Nikampigia mdogo wangu. Alikuwa kazini, akanong'ona kwamba mzee ni mtu mwema, wanakwenda kuvua samaki pamoja, ila mtandaoni huwa hivyo. Akanisihi tusiseme lolote, maana hata binti mwenyewe hajaulizwa rasmi. Kule kijana humuuliza binti kwanza, wazazi husikia baadaye.

Nilipomweleza mama hivyo, ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu binti akifuatwa kimyakimya bila watu wa kijana kujitokeza, hiyo si posa, ni kumtorosha. Mama hakumzaa mwizi. Kama wakwe wanakaa barazani mbele ya mji, hapo hapo ndipo pa kuwasalimia. Akaniamuru niandike, naye anitajie maneno.

Nikaandika kwa Kiingereza cha D yangu. Kwa Kiswahili alisema hivi: "Baba, habari za hapo. Mimi ni mama wa kijana anayemwogesha mama yako, na anayetaka kumuoa binti yako. Nimesikia nyumba hazitoshi. Poleni sana. Kwetu kuna nafasi. Mkibanwa, njooni huku na watoto wenu wote, hatutawaacha nje."

Hakuwa anamkejeli mtu. Mama akisikia watu hawana mahali pa kulala huwa anahesabu mikeka.

Nilibonyeza kutuma kabla ya akili kunifikia, na akili yangu hutembea kwa miguu.

Yakaja mafuriko ya komenti. Wapo waliosema ni maneno mazuri kuliko yote yaliyowahi kuandikwa pale. Wapo waliosema huu ndio ushahidi wa kile baba wa binti alichokuwa akikisema. Mmoja akaitafuta Kahama kwenye ramani, akaona migodi ya dhahabu imetuzunguka, Buzwagi hapa, mingine kule, akawatahadharisha wenzake kwamba matapeli huanza hivyohivyo: leo ardhi ya bure, kesho dhahabu, keshokutwa wanaomba nauli. Kwa hilo sikumlaumu, ninao majirani wanaoishi kwa kazi hiyo. Wale waliogombana juu ya njia ya baiskeli, nilioanza kuwazoea kama ndugu, walikubaliana kwa mara ya kwanza: mama yangu hayupo, ametengenezwa na kompyuta.

Nikamtafsiria mama. Akauliza hao watu wamelelewa na nani.

Kisha baba wa binti akaandika maneno mawili: "Binti yangu?"

Na chini yake mkewe: "Teremka tuongee."

Watu wakaendelea kubishana juu ya mama yangu bila wao.

Mdogo wangu alipiga asubuhi ileile, na hakunisalimia. "Kaka, yaani mmenivalishia pete mtandaoni."

Nikamuuliza binti amesemaje. Alikuwa amejua kwamba anachumbiwa kutoka kwa mwalimu wake wa zamani wa kwaya, aliyeisoma ile komenti kabla yake. Alikuwa amecheka mpaka akalia, halafu akalia kweli, kwa sababu baba yake hakuwa amesema neno tangu aliposhuka ngazi. Mdogo wangu alikuwa ameitwa Jumapili ya wiki iliyofuata, mezani. Akasema kama mzee atamwambia aondoke, ataondoka, hawezi kumtenga binti na baba yake.

Wiki ile nilikuwa mtoto mwema kuliko wakati wowote. Nilimchotea mama maji bila kuombwa. Yeye hakunilaumu, wala hakujilaumu. Lakini kila asubuhi alipita kibandani akauliza kama wale wawili wameandika chochote, nami nikamwambia hapana, na kwa mara ya kwanza tukawa tunawaombea wagombane.

Jumapili usiku simu ikaita, ya picha. Kule kwao ilikuwa mchana, wametoka kanisani. Mama alijifunga kitenge kipya, baba mdogo akavaa koti la misiba, mimi nikaishika simu, kazi ninayoiweza. Wakatokea wanne wamebanana kwenye kioo: mdogo wangu, binti, mama mwenye mbwa, na baba mwenye samaki. Hakuwa na samaki. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

Baba akaanza kuongea. Mdogo wangu akasita.

"Tafsiri yote," mama akamwambia. "Usichuje."

"Anasema bado anaamini nyumba hazitoshi. Alichokiandika hatakifuta, hata neno moja, kwa sababu ya harusi."

Baba mdogo alinikanyaga mguu. Mama akaitikia kwa kichwa, endelea.

"Anasema lakini pale alikuwa anasema kuhusu watu. Hakuwa anasema kuhusu mimi. Mimi ananijua."

Mama alifikiri. Alikuwa ametulia kabisa, kama yuko mnadani na hana haraka ya kununua.

"Mwambie nimemsikia, na namshukuru kwamba hakunidanganya. Mwambie pia hao watu wengine nao wana mama."

Mdogo wangu akatafsiri taratibu. Yule mzee akafungua kinywa, nikajua jibu linakuja, maana nimemsoma kwa miezi na sijawahi kumwona akikosa jibu. Mkewe akamgeukia, naye nilimjua, angekuwa tayari na lake. Lakini mzee akafumba kinywa. Akatazama meza. Mkewe naye akaacha, akamwekea mkono begani, na wote wanne wakakaa hivyo, simu ikila bando langu.

Mwishowe akasema jambo fupi.

"Anasema hana cha kujibu," mdogo wangu akasema. "Na anauliza kama kweli wanakaribishwa huko."

"Sikuwa nafanya mzaha," mama akajibu. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Shemeji, umeona? Nilidhani hawajui kunyamaza. Wanajua."

Baba mdogo akasema ameona, ila angependa kujua habari ya uchawi. Mama akamwambia anyamaze na yeye.

Mdogo wangu akauliza, kwa Kisukuma ili wenzake wasielewe, kama hiyo ndiyo baraka au bado. Mama akamwambia ainamishe kichwa. Akainamisha. Binti akamwangalia, akainamisha chake. Mama mwenye mbwa naye. Yule mzee akatazama huku na huku, hakuna aliyemweleza kinachoendelea, kisha naye akainama, na tukaona upara wake wote. Mama akaniambia niinue simu sawasawa. Akaweka kiganja chake juu ya kioo, kizima, kama mtu anayemshika mtoto utosini, akaanza kuomba, na hakuwa na haraka. Nadhani kule Kanada waliona giza tu. Lakini hatukusikia yeyote akilalamika.