Radi Juu ya Diski Yetu

Kisii nzima tulikuwa wanne tuliotumia mfumo mmoja wa kompyuta usiojulikana na wengi, na programu zetu zote zilikaa kwenye diski moja, nyuma ya duka la nguo la Mhindi aliyekuwa mmoja wetu. Jumapili moja, wote wanne tukiwapo, nilileta kutoka Nyamira programu ya kupanga diski upya. Sharti lake: ikishaanza, usizime kompyuta, la sivyo kila kilichomo kinapotea. Ilikuwa katikati ya kazi radi ilipopiga juu ya mabati.

Mimi nyanya alinilea nichomoe kila waya na kufunika vioo mvua ya radi ikija. Nilijikuta chini ya meza, nimeshika plagi.

"Weh, ukichomoa umetuzika!" mwenye duka akafoka.

"Na nisipochomoa?"

"Tutakuzika wewe peke yako. Hiyo ni nafuu."

Nikaiachilia. Lakini nilivuta shuka kwenye rafu, nikafunika skrini kama kioo cha nyanya. Sasa hakuna aliyejua kazi imefika wapi, na hakuna aliyethubutu kuchungulia.

Mvua ilipopita wakanisukuma nifunue. Nikaishika shuka kwa vidole viwili, nikaivuta. Programu ilikuwa imemaliza salama, inauliza kama tungependa kuanza tena.

"Hapana!" tukaijibu wote wanne, kwa sauti, kama inasikia.