Zimwi la Krimu Lilipoomba Maji

Mwezi uliopita hapa Kitangari, zimwi liliomba maji mbele ya umati mzima, na watu wakalipigia vigelegele.

Nilikuwepo. Kamera nilishika mimi.

Tulikuwa tunapiga filamu ya kutisha, lakini ya kejeli. Si mnajua msimu wa korosho, pesa zikiingia, watu wanavyochanganyikiwa madukani? Kisa chetu: mwanamke ananunua krimu ya kumpa sura ya mjini. Kila akipaka, uso unabanduka, naye anarudi dukani kuongeza kopo, mpaka anageuka zimwi.

Aliyeigiza ni Shakila, jirani yangu, binti mchangamfu hatari.

Mdhamini? Halfani, muuza vipodozi! Sharti lake moja tu, krimu iwe ya dukani kwake.

"Si tumpake uji wa muhogo tu?" nikamuuliza.

"Kaka Yeremia, uongo wa nini? Mzigo mpya huu."

Tukampaka Shakila, tukambandikia vipande vya karatasi viwe ngozi inayobanduka. Akatoka mbio uwanjani.

"Maji! Naungua! Maji jamani!"

Sasa, huku kwetu tumekulia kwenye mapiko, ngoma zetu za vinyago. Mcheza ngoma akishavaa kinyago, si mtu tena. Akikujia unakimbia huku unacheka, na hata ukimjua, jina lake hulitaji. Basi ndivyo watu walivyofanya. Shakila akija huku, wanakimbilia kule. Hata mama yake mzazi alikimbia akicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Mimi nikasema moyoni, huyu binti ni moto wa kuotea mbali.

Mke wangu Julia ndiyo kwanza anapanda kutoka bondeni, ndoo kichwani. Akasimama.

"Nyie! Huyo analia kweli!"

Akammwagia ndoo nzima, na maji yenyewe huku yanavyotafutwa. Karatasi zikaanguka. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, inachubuka.

Mama yake akakaa mchangani, akapiga ukunga.

Hospitalini Newala walisema jicho litapona, ila shavu la kushoto halitarudi kama zamani. Niliumia, na bado naumia.

"Irushe hiyo video, kaka," Shakila akaniambia, "wengine wapone."

Nikairusha mtandaoni. Nikaandika wazi kwamba haya si maigizo, krimu hii imemuunguza mtu.

Maoni yakamiminika.

"Inaitwaje?"

"Bei gani?"

"Masasi mnaleta?"

Halfani mzigo ukamwishia.

Nikaingia ndani na hasira zangu nimsimulie Julia. Nikamkuta mbele ya kioo, kopo lile lile mkononi.

"Julia! Si wewe uliyemmwagia maji?"

Hakugeuka.

"Shakila alizidisha, Baba Glory. Mimi napaka kidogo tu."

Nililitupa kopo chooni. Sijui kama amenunua jingine.

Tangu tuoane, sikumbuki kumwambia Julia kuwa ni mzuri. Halfani humwita kila akipita dukani: "Shemeji, ukipaka hii utapendeza."

Ndugu zangu, mkeo aambiwe na wewe kwamba uso wake unatosha. Muuza krimu hawezi kumwambia hivyo, atakula wapi?