Kijani Amtetea Mwenye Nyumba

Saa mbili asubuhi, darasa la sheria limejaa na hakuna anayezungumza. Vidole tu ndivyo vinavyokwenda mbio kwenye simu na kompyuta. Ukutani, projekta inaonyesha waraka mmoja wa mtandaoni unaoandikwa na wanafunzi arobaini kwa pamoja, kila mmoja kwa rangi yake. Rangi nzuri zilipoisha, kijana mmoja aliambulia ya tope, na jina la Tope limemganda.

Mbele amesimama mhadhiri msaidizi wanayemwita Mama Rangi. Mkuu wa idara ameketi nyuma, na leo ataamua kama ufundishaji huu uendelee au ukome.

"Mwalimu, hili ni somo au msiba?" anauliza mkuu.

"Vumilia kidogo, mzee wangu. Kelele ziko ukutani."

Kesi yenyewe ni ya kubuni: mjane katolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Rangi zote zimemkimbilia mjane. Upande wa pili ni mweupe pe. Mkuu anakohoa, anatazama saa.

"Jamani," anasema Mama Rangi, "mjane ana mawakili arobaini, mwenzake hana hata mmoja. Hii ni mahakama au mkutano wa hadhara?"

Wanacheka. Kisha, taratibu, mstari wa kijani unachomoza kwenye ule weupe: "Notisi ilitolewa miezi mitatu kabla. Mpangaji aliisaini. Huruma yetu haifuti saini yake."

Darasa linawaka moto. Sheria ya waraka ni moja: hufuti neno la mwenzio, unamjibu pembeni.

"Kijani, una roho ya jiwe!" anaandika Tope.

"Jibu hoja, roho yangu iache."

Mama Rangi anamjua Kijani. Ni binti wa kiti cha dirishani, hajawahi kunyoosha mkono tangu mwaka wa kwanza. Anamwelewa pia.

"Nilikuwa na kigugumizi," anasimulia baadaye. "Nilimaliza shahada bila kuchangia darasani hata siku moja. Mama alikuwa akinitania, 'Mwanangu, wateja wako utawatetea kwa ishara?' Hoja nilikuwa nazo. Mlango wa kuzitolea ndio sikuwa nao."

Mkuu anasimama. "Huyo Kijani ni nani?"

Binti wa dirishani anainuka, amekumbatia daftari kifuani. "Ni mimi, mheshimiwa."

"Itetee hoja yako ya saini."

Sauti inatetemeka, inakatika, inarudi. Anapomaliza, Tope ndiye wa kwanza kupiga makofi.

Mkuu hasemi neno la kibali. Anatoa simu mfukoni. "Mwalimu, na mimi nipe rangi. Huyu lazima nimjibu."

"Imebaki ya tope iliyokolea, mzee wangu."

"Leta hiyo hiyo."

Darasa linavunjika mbavu. Mama Rangi anageukia ukuta kidogo, anajifuta macho kwa kitambaa cha ubao.

"Muhula ujao," anasema baada ya darasa kutawanyika, "wataanza kwa kuandika na kumalizia kwa kusimama, kwenye mahakama ya mazoezi, milango wazi, wazazi waje. Kijani ndiye atakayefungua. Nimeshamwambia. Amekataa, halafu akauliza avae nini."