Miguu Safi Kuliko Yote Baraka

Kama usafi wa miguu ungekuwa na vyeo, Zuberi angekuwa jenerali. Ndivyo alivyojiona. Alikuwa mwenye boti la abiria linalovuka ziwa kati ya mji wa Baraka na Ubwari, tumbo mbele, kofia upande, na ugonjwa wa sukari mwaka wa sita sasa.

Alhamisi moja, kwenye kituo cha afya, muuguzi Émilienne aliwafundisha wagonjwa kuosha miguu, kuikausha katikati ya vidole, kuikagua mpaka kwenye nyayo, na kutotembea bila viatu. Zuberi akacheka mpaka benchi likatikisika.

"Mama Émilienne, ile masomo upelekee bantu ba Misisi, benye kuchimba zahabu mu matope. Mi naoshaka miguu mara tano kila siku, mbele ya sala. We unaoshaka mara ngapi?"

"Basi toa viatu, Papa Zuberi. Bengine bajifunze kwako."

Akavua kandambili kwa maringo. Émilienne akainama, akatenganisha kidole kidogo cha mguu wa kulia na jirani yake. Kisha akachukua kibano, akachomoa mwiba wa samaki uliokwisha kuzungukwa na usaha. Bila shaka ulimwingia pale mwaloni, boti zinapoegeshwa, anaposukuma lake miguu mitupu.

"Iko humu tangu siku ngapi?"

"Sijue. Haiumi."

"Njo ile inaniogopesha. Sukari imefanya muguu isisikie tena. Ungengoja wiki moja, bangeikata."

Wote walimjua Albert mvuvi, aliyeanza na kidonda kidogo vilevile, akakatwa mguu, na sasa analitazama ziwa kutoka mlangoni kwake. Zuberi aliogopa, aliogopa kabisa.

"Lakini mara tano..." akanong'ona.

Munira, mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni kimya, akaona imetosha, akamwita kwa jina la binti yao. "Papa Sumaya, sema ukweli. Tangu tumbo ikue, haugusake vidole tena. Unamwangaka tu maji na birika, unaenda."

Benchi zima likaangua kicheko. Zuberi akatazama dari. Ilikuwa kweli: miaka miwili hakuwa ameinama. Alimpunja Mungu kidogo kidogo, akijua kwamba Mungu ni mwingi wa msamaha. Mguu haukuwa na msamaha huo.

Sasa boti analisukuma akiwa amevaa viatu vya mpira, na kila jioni, kabla ya magharibi, anaketi barazani miguu ikiwa mapajani mwa Munira. Munira anaikausha kidole kwa kidole kwa kitenge kikuukuu, kisha anapitisha chini ya nyayo kioo cha mumewe cha kunyolea ndevu. Majirani wakipita wanamsalimu jenerali kwa sauti kubwa.

"Unaona nini?" Zuberi anauliza kila mara, na sauti yake haina maringo hata kidogo.

Munira hana haraka. Anageuza kioo huku, anageuza kule, anamwacha ateseke kidogo.

"Naona miguu," anasema. "Yote mbili."