Mkaratusi Ulioinamia Jikoni

Mwaka mmoja wa sabini na kitu, mvua ililainisha udongo, na mkaratusi wa nyuma ya nyumba yetu, karibu na Matiliku, ukainamia paa la jikoni. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Mama mkwe akaniambia, "Ngoja arudi. Mti kama huo huua hata wanaume."

Niliuzunguka asubuhi nzima. Niliogopa, lakini niliona kwamba uzito wote ulikuwa kwenye matawi ya upande wa jikoni. Nikapanda, nikayakata kwa panga, kisha nikafunga kamba ndefu juu kabisa. Wanawake wenzangu wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tuliozoea kuchimba matuta pamoja, wakaishika kamba kutoka mbali shambani. Nikakata kwa shoka upande wao kwanza, halafu upande wa jikoni.

Mti ulipoanza kulia nikapiga kelele, "Vuteni!"

Uligeuka polepole, ukaangukia mabua ya mahindi. Paa halikupoteza hata unyasi mmoja.

Mama mkwe alipita kando ya gogo lote, akanitazama. "Mwanangu akirudi," akasema, "nitamsimulia mimi mwenyewe."

Siku hiyo nilitembea na shoka begani hadi kisimani, ingawa sikuwa na haja nalo huko.